Kaniwekea Nyota Moja, Nifanyeje?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jina la biashara mtandaoni, kwa hiyo ukurasa mzima nimeupa hilo. Nyingine nimezifupisha kidogo.

Shikamoo mama mhariri. Nina saluni ndogo tu, mimi na msaidizi mmoja. Wiki mbili zilizopita mteja kaniwekea nyota moja kule Google, kaandika eti nimemuunguza kichwa na dawa halafu nikamjibu jeuri. Ukweli ni kwamba nilimwambia muda umefika tuoshe, yeye akasema niiache kidogo zinyooke vizuri. Nilivyoiona ile komenti nilitetemeka, nikamjibu palepale kwamba ni muongo na hata hela hajamalizia. Nilikuwa na maoni manne tu, yote nyota 5, leo nasoma 4.2. Mdogo wangu anasema niripoti ifutwe, mume wangu anasema twende kwa mwanasheria. Nisaidie. (Mwenye saluni)

Marahaba mwanangu, na pole. Umejenga kitu kwa mikono yako mwenyewe halafu mtu anakibomoa kwa sentensi mbili, inauma, wala usijione mdhaifu kwa kutetemeka. Ila tuanze na hilo jibu lako, ukimaliza tu kusoma hapa nenda kalifute, Google inamruhusu mwenye biashara kuhariri au kufuta jibu lake mwenyewe muda wowote. Deni la mteja umelianika hadharani, na mtu baki anayesoma hana namna ya kujua nani mkweli kuhusu ile dawa, anachoondoka nacho ni kwamba kwenye saluni hii mkikosana wanatoa mambo yako nje. Na huyo mtu baki ndo msomaji wako hasa, yule aliyeshika simu saa hii anatafuta pa kutengeneza nywele. Aliyelalamika keshasema yake na keshaondoka.

Mi ningeandika hivi: “Pole sana dada yangu kwa kuungua. Muda ulipofika tulipaswa kuosha na hilo lilikuwa jukumu letu, siku hizi tunatega saa na ikilia tunaosha. Na nilivyokujibu mwanzo haikuwa sawa, naomba radhi. Tafadhali nipigie au pita nikuangalie kichwa, hutalipa kitu.” Basi, usiongeze.

Najua utaniuliza mbona sijaandika kwamba ni yeye aliyesema iachwe. Kwa sababu fundi ni wewe mama, mteja anaweza kusema iache mpaka kesho lakini anayejua dawa inafanya nini kwenye ngozi ni wewe, na hapo kwa kweli ulitakiwa ukatae. Halafu kama hutatega hiyo saa, usiandike kwamba unatega.

Kuripoti unaweza, ila Google haiondoi maoni eti kwa sababu mwenye biashara hakubaliani nayo, inaondoa yaliyovunja masharti yake, matusi, chuki, matangazo, mtu ambaye hakuwahi kuhudumiwa, mshindani aliyejifanya mteja. Huyu wako ni mteja wa kweli na kuungua kaungua, kwa hiyo usipoteze usingizi ukisubiri ifutwe.

Kwa mwanasheria ndo usiende kabisa. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alimshtaki mpiga picha mmoja aliyekuwa anapiga pwani ya California kutoka angani, na nyumba yake ikatokea kwenye picha mojawapo, akadai dola milioni 50. Kabla ya kesi ile picha ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, na mara 2 kati ya hizo ni mawakili wake mwenyewe! Habari ya kesi ilivyotoka, watu zaidi ya laki 4 wakaenda kuitazama ndani ya mwezi mmoja, na kesi akashindwa. Komenti yako sasa hivi wameiona wachache, iache hivyohivyo.

Kilichokuponza zaidi ni uchache. Maoni manne ya nyota 5 na moja la nyota 1 ndo hiyo 4.2 yako. Ukipata mengine matano ya nyota 5 unasoma 4.6, ukipata ishirini unasoma 4.8, na yule dada bado yupo palepale na haki yake ya kulalamika, hujamgusa. Kwa hiyo kuanzia kesho kila mteja akishajitazama kwenye kioo mwambie, dada, ukipata nafasi naomba uniandikie maoni yako. Ndani ya akaunti yako ya biashara kuna linki maalumu ya kuombea maoni na ile alama ya miraba ya QR, ichapishe uibandike pembeni ya kioo. Waombe wote, maana kuchuja waliofurahi ndo uwape linki na walionuna uwapeleke inboksi Google imekataza, na kuwapunguzia bei au kuwapa zawadi ili waandike nako imekataza.

Habari za kazi mhariri. Kuna kijana kanifuata inboksi anauza rivyu 50 za nyota 5, bei yake ndogo tu, anasema watu wote wananunua. Jirani yangu ninayeshindana naye ghafla ana rivyu kibao na mimi nina 6. Ninunue? (Fundi wa samani)

Usinunue. Yaani hata kwa bure usichukue.

Kwanza zinajulikana. Rivyu hamsini ndani ya siku tatu, zote “huduma nzuri sana”, ukibonyeza jina la mwandishi unakuta wiki hiyohiyo kasifia daktari wa meno, hoteli na kampuni ya mabomba kwenye miji ambayo haikaribiani hata kidogo. Wateja siku hizi wanabonyeza, na Google nao wanasafisha. Wakikukamata wanaweza kuziondoa zote, wakakufungia usipokee maoni mapya kwa muda, na wakabandika onyo kwenye ukurasa wako kwamba hapa tumeondoa maoni ya uongo. Fikiria mteja anafungua anakutana na hilo kabla hajaona hata kiti kimoja ulichochonga.

Pili kuna nchi ni kosa la kisheria moja kwa moja. Marekani, tume yao ya biashara FTC ilipitisha kanuni dhidi ya rivyu za uongo iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024, kuuza na kununua vyote vimo humo. Uingereza nao sheria yao imeanza Aprili 2025.

Tatu, na hili ndo naomba ulishike, rivyu zako 6 za kweli zina thamani kuliko unavyofikiri. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Harvard Business School alilinganisha nyota za migahawa ya Seattle kule Yelp, tovuti ya Marekani ya maoni ya wateja, na mapato yao, akakuta nyota moja zaidi inaendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 mpaka 9, na ongezeko lenyewe lilikuwa kwa migahawa huru, ile yenye majina makubwa ya matawi mengi nyota hazikuitikisa. Inaingia akilini kabisa, jina kubwa watu walishalijua, wewe mdogo hawakujui, wanakujulia palepale kwenye maoni. Sasa hicho ndo kitu unataka ukijaze uongo?

Kama unaamini za jirani ni feki ziripoti moja moja kisha endelea na randa yako. Na ukikabidhi kazi omba maoni pamoja na picha ya kabati likiwa tayari limekaa kwa mteja, picha kama hiyo yule kijana wa inboksi hana pa kuitoa.

Mama mhariri, mi nafua nguo za watu na kupiga pasi, asubuhi mpaka usiku niko kazini. Juzi rafiki yangu ananiambia kuna mtu kaniandika vibaya kwenye grupu la Facebook mwezi mzima umepita na mimi sina habari. Kuna njia ya kujua wanasemaje bila kukaa kwenye simu kutwa? (Dobi)

Ipo, na nyingi ni bure.

Fungua Google Alerts, ipo tangu 2003 na watu wengi bado hawaijui. Unaandika jina la biashara yako ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi ili litafutwe likiwa zima, unaweka imeili yako, wakiona ukurasa mpya umelitaja wanakutumia. Weka pia jina linavyokosewa, maana mwenye hasira haangalii tahajia. Kama jina lako ni la kawaida mno, mfano lina neno “Usafi” tu, liambatanishe na jina la mtaa, la sivyo utaletewa habari za kila usafi duniani.

Lakini usiitegemee peke yake. Yanayosemwa ndani ya magrupu ya Facebook, Instagram na TikTok mengi haiyafikii, na WhatsApp ndo haioni kabisa. Kwa hiyo washa arifa za maoni kwenye akaunti yako ya Google ya biashara, halafu chagua siku mbili kwa wiki, dakika kumi na tano tu, wakati pasi inapoa, fungua dirisha la faragha la simu ili usiletewe matokeo yaliyokuzoea, jitafute kama mgeni, jina lako, kisha “dobi” na jina la mtaa, kisha ingia Facebook utafute hivyohivyo. Ukiona jambo piga skrinishoti yenye tarehe kabla hujafanya chochote, komenti huwa zinafutwa na kesho yake huna la kuonyesha.

Kwa WhatsApp dawa ni mdomo. Mteja mpya akija muulize, umetujuaje? Akisema “niliona kwenye grupu”, muulize walisemaje. Mi naamini swali hilo moja linazidi programu nyingi za kulipia, na usimuonyeshe kukasirika atakachokwambia, ukinuna mara moja tu hatakuambia tena.

Huyo wa mwezi uliopita mjibu leo, kuchelewa siyo aibu. Andika kwamba umeona leo, muulize nguo ilikuwa ipi, na aje nayo. Ila usibishane ndani ya grupu, ukishajibu mara moja mengine malizeni kwa simu.

Nimehama, ramani bado inapeleka watu kule kwa zamani. Ukurasa wenyewe wa Google alifungua kijana aliyekuwa ananisaidia, kaondoka na paswedi. Nifungue mwingine? (Fundi simu)

Kaka, usifungue wa pili, utajikuta na kurasa mbili, maoni yako yote mazuri yamebaki kwenye ule wa kwanza na wateja hawajui washike upi. Ingia kwenye ukurasa uliopo uombe umiliki, yule kijana atapelekewa ujumbe na ana siku 3 za kujibu, akikaa kimya unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe kwamba biashara ni yako, mara nyingi siku hizi wanataka video inayoonyesha mahali, bango na vifaa vya kazi. Ila mpigie kwanza, pengine hata hana kinyongo.

Ukishaupata, imeili ya mmiliki iwe yako wewe, anayekusaidia muongeze kama meneja, akiondoka unamtoa. Halafu jina, anwani, namba ya simu na saa za kufungua viandikwe vilevile kila mahali ulipojiandikisha. Mwezi jana nilifuata ramani kupeleka viatu kushonwa, imeandikwa wazi mpaka saa 12 jioni, nikafika saa 10 nikakuta kufuli lenye kutu. Namba ikawa haipatikani. Inawezekana yule fundi ni hodari kweli na kahamia mtaa wa pili tu, sitajua.

Nina hela kidogo ya matangazo, nibusti posti au niwalipe Google nitokee juu? (Muuza mitumba)

Kutokea juu kwenye yale matokeo ya kawaida ya ramani hakuuzwi, Google wenyewe wanasema hakuna namna ya kulipia. Wanaangalia mambo matatu, unachouza kinaendana vipi na alichotafuta mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani. La umbali huliwezi, mawili yaliyobaki unayaweza kwa kujaza ukurasa vizuri, picha za kweli, na maoni. Akikuambia mtu atakupandisha namba moja kwa malipo, hiyo hela nunulia mzigo.

Kubusti, yaani kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi, sikatai, ila busti posti ambayo tayari watu waliipenda bila kulipiwa, chagua eneo dogo ambalo mtu anaweza kutoka akaja, anza na kiasi ambacho hata kikipotea utalala. Na kabla ya senti ya kwanza weka WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi, majibu ya haraka na ujumbe wa kujibu ukiwa haupo. Tangazo linaleta watu saa 3 usiku wanauliza “ipo saizi ya mtoto wa miaka sita?”, usipojibu mpaka asubuhi umelipia wateja wa mwenzako.

Mtu nisiyemjua kanitumia meseji nimlipe la sivyo ataniwekea maoni kumi ya nyota moja. Tayari kaweka tatu. (Mwenye gereji)

Usimlipe hata kidogo, ukilipa leo kesho anarudi. Usimjibu wala kumtukana. Piga skrinishoti za meseji zake, namba yake na hizo tatu, uziripoti Google kama za uongo ukiambatanisha vitisho, na peleka polisi. Chini ya kila moja andika kwamba huna kumbukumbu ya mteja huyu na kama ni kweli alete namba ya gari na tarehe. Halafu waambie wateja wako wa siku zote waandike yao.