Shangazi, Boksi Gani Ninunue?

Ukurasa wa maswali ya jikoni. Anayejibu ni afisa lishe mstaafu, mkazi wa Morogoro.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Wa kwanza ana miaka mitano, na uji hataki hata kuuona. Anachotaka ni zile nafaka za boksi, hasa za chokoleti, zile zenye umbo la vimpira. Baba yao alipimwa mwaka jana akaambiwa sukari yake imepanda kidogo na presha pia, akashauriwa ale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Tangu siku hiyo ananunua mchanganyiko wa oti wenye asali na zabibu kavu, anajaza bakuli la supu, ukimuuliza anasema anamtii daktari. Mimi nimebaki na uji wangu peke yangu. Je, kuna boksi moja linalotufaa nyumba nzima, au tuache yote turudi kwenye uji? – *Mama Wawili, Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi mjukuu wangu akiwa mezani anatafuna vimpira hivyohivyo vya chokoleti, maziwa yote yamegeuka rangi ya matope. Nikaona kabla sijakujibu nianzie kwangu.

Nina mzani mdogo wa jikoni niliununua Kariakoo zamani, wa kupimia unga wa keki. Nikamwambia mjukuu ajimiminie kama siku zote, asinionee aibu. Nikapima: gramu 64. Nikageuza boksi kusoma nyuma, na pale wameandika kwamba mlo mmoja ni gramu 30. Nikapima na hizo 30 kwenye bakuli lingine. Zilifunika kitako cha bakuli tu. Mjukuu akaziangalia akauliza, "Bibi, hizi za paka?"

Hapo ndipo mtego ulipo. Upande wa mbele wa boksi wanakuhesabia sukari ya mlo mmoja, na huo mlo mmoja hakuna mtu ninayemjua anayeshiba nao. Kwa hiyo safu ya "kwa mlo" iache. Tazama safu ya "kwa gramu 100", maana hiyo ni ileile kwa maboksi yote na ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha. La mjukuu lilisema sukari gramu 30 katika kila gramu 100. Bakuli lake la gramu 64 basi lina sukari gramu 19, karibu vijiko vitano vya chai vya kusawazisha, kila kimoja gramu 4. Uingereza wanashauri mtoto wa miaka minne hadi sita asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Mwanao yumo humo. Akimaliza bakuli kama la mjukuu wangu, ya siku ameshaimaliza, na bado juisi ya boksi na biskuti za shuleni hazijafika.

Wiki hiyohiyo nikaenda duka kubwa la mjini na miwani yangu na daftari, nikasimama mbele ya rafu hadi mlinzi akaanza kunitazama. Vipimo nilivyotumia nakupa na wewe. Katika gramu 100, sukari ikiwa gramu 5 au pungufu, hiyo ni kidogo, chukua. Ikizidi gramu 22.5, hiyo ni nyingi, rudisha rafuni bila kuona huruma. Katikati hapo ni wewe na busara yako. Nyuzinyuzi zikifika gramu 6, nafaka hiyo ina makapi ya kweli. Chumvi watu huisahau kabisa kwa sababu konifleksi haina ladha ya chumvi mdomoni, lakini imo, mara nyingi gramu moja na ushei katika kila 100. Ikizidi 1.5 ni nyingi, na kwa mwenye presha kama baba watoto nisingependa hata isogee huko. Maboksi mengine hayaandiki chumvi, yanaandika sodiamu. Zidisha mara 2.5 upate chumvi yenyewe. Sodiamu miligramu 400 ni chumvi gramu 1.

Kisha soma orodha ya viambato. Hupangwa kwa uzito, kilichozidi ndicho kinachotangulia. Ukikuta "ngano isiyokobolewa" au "oti" mbele, na sukari mbali nyuma au haipo, umepata. Lakini angalia ujanja: sukari huja na majina mengi. Utakuta sukari ya tatu, sirapu ya glukosi ya tano, asali ya sita, molasi ya nane. Zikijumlishwa huenda zingekuwa za pili, ila zimetawanywa kama wezi wanaojifanya hawajuani.

Mbele ya boksi usiniulize. Pale ni mahali pa picha. Chile, tangu mwaka 2016, sheria yao inakataza vikatuni kwenye boksi la chakula chenye sukari nyingi, na badala yake linabandikwa alama nyeusi ya pembe nane. Sisi bado mtoto anachagua kwa kumtazama mnyama aliyechorwa anacheka.

Kitu kimoja nitawatetea wenye maboksi. Wanaposema wameongeza madini ya chuma, mara nyingi ni kweli kabisa. Niliponda konifleksi za mjukuu ndani ya mfuko wa plastiki, nikazitia maji mengi, nikapitisha sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu. Baada ya muda ikashika vumbi jeusi, laini kama masizi. Ni chuma chenyewe. Mjukuu hajaacha kulisimulia jambo hilo. Ila ukimpa mtu bakuli hilo halafu ukamteremshia na kikombe cha chai ya rangi, ile chai inazuia sehemu kubwa ya chuma isiingie mwilini. Chai ingoje saa moja hivi. Tunda bichi, chungwa au papai, ndilo likae karibu na bakuli.

Sasa baba watoto. Oti ni nzuri kweli, daktari hakukosea: zina nyuzinyuzi za utelezi ziitwazo beta-glukani, na gramu 3 za hizo kwa siku husaidia kupunguza lehemu mbaya, yaani kolesteroli. Bakuli la oti kavu gramu 75 linakupa hizo. Tatizo ni kile kilichoandamana nazo. Boksi la aina anayokula, nililolishika mimi, liliandika sukari gramu 24 kwa 100, na mafuta juu yake, kwa sababu mchanganyiko ule huokwa na asali na mafuta ili ushikane na kutoa mlio mdomoni. Tena ni mzito. Bakuli la supu huingia gramu 120 bila kusukuma. Hesabu mwenyewe: karibu gramu 29 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwa siku, yaani gramu 50 hivi, na linasema ikishuka hadi 25 ndiyo bora zaidi. Atakuambia sehemu yake ni ya zabibu, siyo ya kuongezwa. Ni kweli, ila damu iliyokwisha kupanda sukari haiulizi ilikotoka.

Mnunulie oti tupu, zile bapa, siyo za dakika moja zilizosagwasagwa. Kadiri nafaka inavyosagwa ndivyo inavyogeuka sukari haraka tumboni. Apike na maji na maziwa, atie mdalasini, karanga chache zilizokaangwa bila chumvi, na nusu ya ndizi isiyoiva sana. Kama ameanza dawa za sukari, awaambie kliniki kwamba anabadilisha mlo, wasije wakashangaa vipimo.

Na konifleksi je? Kwa mtu mwenye sukari mimi siishauri hata ile isiyo tamu, kwa sababu mahindi yamekobolewa, yamepikwa, yamebanwa na kuokwa, na hupandisha sukari ya damu kwa kasi. Ina historia ya kuchekesha, lakini. Mwaka 1894, huko Battle Creek, Michigan, daktari John Harvey Kellogg na mdogo wake Will walikuwa wanatafuta chakula chepesi cha wagonjwa wa sanatoriamu yao, wakapata vipande vya ngano. Vya mahindi vikafuata. Daktari alitaka visiwe na utamu. Mdogo mtu akataka kutia sukari ili viuzike, na mwaka 1906 akafungua kampuni yake. Wakagombana, wakafikishana mahakamani. Mdogo ndiye unayemla asubuhi.

Umeniuliza kama mrudi kwenye uji. Hapa nina la kuungama. Baada ya kumsema mjukuu nikasema ngoja nipime na wangu. Ulezi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, nausaga mwenyewe, nausifia kila mahali. Nikatia sukari kama siku zote, vijiko vitatu vya mlima. Kila kijiko cha mlima gramu 7. Jumla gramu 21. Mimi, afisa lishe mstaafu, nimempita mjukuu na vimpira vyake! Mzee wangu alikuwa amekaa palepale anatazama mzani, hakusema kitu, akaendelea kunywa chai.

Kwa hiyo uji siyo mtakatifu kwa kuwa ni wa kwetu. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na ukisagwa na maganda yake unabaki na nyuzinyuzi. Hilo nitalisema hadi nife. Lakini uji laini uliojaa sukari ni kinywaji kitamu tu. Mimi sasa natia kijiko kimoja cha kusawazisha na maziwa mengi, na wiki mbili za kwanza nilinuna.

Jibu lenyewe, basi. Boksi moja la nyumba nzima lipo: tafuta vitofali vya ngano isiyokobolewa visivyo na ladha, mfano Weetabix ya kawaida, ambayo sukari yake ni kama gramu 4 kwa 100 na nyuzinyuzi kama 10. Mtoto usimkatie vimpira siku moja, utavuna kilio. Robo tatu vimpira na robo ngano leo, nusu kwa nusu wiki ijayo, halafu vimpira vinabaki vya juu, vya kupambia. Ponda ndizi mbivu ndani. Mjukuu wangu tuko nusu kwa nusu. Jumamosi anapata vimpira vyake vitupu, nami sisemi kitu.

Na siku boksi likiisha msikimbilie dukani. Viazi vitamu vya kuchemsha na yai, au kiporo cha maharage na kipande cha muhogo, vinamshibisha mtoto hadi saa nne kuliko chochote chenye katuni.

SWALI: Shangazi, mwanangu ana miezi minane. Jirani ameniuzia unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili. Mwingine ananiambia nimpe tu nafaka za boksi za watoto wakubwa na asali kidogo. Nifanye lipi? – *Mama Kijacho, Kihonda*

JIBU: Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga misuli hadi kushindwa kupumua. Nafaka za boksi za wakubwa pia hapana, kwa ajili ya chumvi na sukari.

Unga wa kumi na mbili umekulia hela tu. Mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi ni kundi moja la chakula. Kuyachanganya yote hakumzidishii mtoto kitu kikubwa, ila kunakuzuia kujua kilichomdhuru tumbo likichafuka. Na karanga mbichi zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake hunuka upesi. Kubwa zaidi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na kuipika haiondoi. Wewe nunua ulezi au mahindi makavu, chagua punje kwa mkono, tupa zilizoota ukungu na zilizobadilika rangi, saga kidogokidogo. Karanga zichague hivyohivyo, zikaange, zisage peke yake, tia kijiko kwenye uji unapoupika. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Ziwa uendelee kumpa.

SWALI: Shikamoo. Mimi mwanafunzi, niko hosteli Dodoma. Kopo limeandikwa shayiri, rafiki yangu anasema shayiri na oti ni kitu kimoja, mwingine anasema siyo. Nani kashinda? Tumewekeana soda. – *Mtoto wa Hosteli*

JIBU: Marahaba. Shayiri na oti ni nafaka mbili tofauti, ingawa wauzaji wengi wanaziita zote shayiri. Kama kwenye kopo kuna jina la kisayansi, Avena sativa ni oti na Hordeum vulgare ni shayiri. Kama halipo, fungua uangalie: oti za kopo ni vipande bapa vyeupevyeupe, vinaiva kwa dakika tano, shayiri nzima ni punje nene yenye mfereji katikati, utakesha nayo jikoni. Zote mbili zina beta-glukani, kwa hiyo kiafya hamna aliyepoteza. Soda, lakini, anunue yule aliyesema ni kitu kimoja. Na iwe maji.