Wezi wa dirishani Maweni

Dada, umeuliza ufanye nini baada ya jirani yako hapo Maweni kuibiwa simu na mkoba usiku, na mlango haukuguswa. Hapa Malindi joto hutulaza madirisha wazi, na mwizi anatumia fimbo ndefu yenye ndoana. Anavuta suruali, mkoba, hata simu iliyo kwenye chaji, nawe unakoroma. Grili peke yake haimzuii. Piga wavu wa chuma wenye matundu madogo nyuma ya grili, na usiweke kitanda wala meza karibu na dirisha. Ukitaka la bei ya bure, fanya hilo la meza leo leo.

Taa ya nje iwake, na umeme wa tokeni usikuishie usiku wa manane.

Piga *#06# sasa uandike namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yako, kwenye daftari, si kwenye simu hiyohiyo (wengi hufanya hivyo, ajabu!). Ukiibiwa, ripoti kituoni na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Nyumba Kumi yenu, kikundi cha majirani cha ulinzi, ipo? Muulize mzee wa mtaa. Mimi naona jirani anayekujua kwa jina anafaa kuliko mbwa. Ukisikia kishindo, washa taa, piga kelele, piga 999 au 112. Usitoke peke yako, na mkimkamata msimpige, mpelekeni polisi.