Kabla Hujawatangazia Watu Neno Lako Jipya

Juzi msomaji kaniandikia: “Wiki hii nimekutana na maneno manne kuhusu jinsia na yote yananigusa. Nichukue lipi?” Nilicheka, kisha nikanyamaza. Na mimi nilipita hapo, ila sikumuuliza mtu.

Nilianza na nonbainari, yaani mtu asiyejiona kuwa mwanamume tu wala mwanamke tu. Baadaye nikagundua kwamba hali yangu hupanda na kushuka, leo hivi, kesho vile. Nikaita ndugu zangu tukae. Kaka yangu akauliza, “Kumbe wewe ni kigeugeu?” Wakaangua kicheko. Lugha yetu tamu, lakini neno hilo huitiwa wanasiasa wanaohama vyama. Sijalisahau. (Kaka, najua unasoma.)

Ila kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimewahutubia. Niliwaambia kwamba kamusi ya Oxford iliingiza “cisgender”, yaani mtu anayejiona sawa na jinsia aliyopewa alipozaliwa, mwaka 2015, na kwamba madaktari wa akili wa Marekani waliacha kusema ugonjwa wa utambulisho wa jinsia mwaka 2013, wakaanza kusema disforia, yaani ile dhiki ya mtu ambaye jinsia aliyopewa hailingani na anavyojiona. Nani aliuliza? Hakuna aliyesikia habari yangu mimi: jinsi Kiswahili kinavyonisitiri sentensi nzima, maana “yeye” haibagui, “amekuja” haibagui, mpaka mtu atamke “dada”, na kifua kinabana.

Basi ushauri wangu: eleza kwanza kinachokupata, neno lije baadaye. Mtu anaweza kubishana na istilahi. Na kifua chako atabishanaje?

Neno lililonifaa zaidi halikuwa hata la utambulisho. Ni yuforia ya jinsia, ile furaha unayoipata watu wanapokuona ulivyo. Miaka yote nilijipima kwa maumivu, nikidhani asiyeumia vya kutosha hana haki ya kujiita chochote. Siku moja mtoto mdogo alinikodolea macho, akauliza, “Wewe nikuite nani?” Nikamwambia aniite kwa jina langu. Akaniita hivyo siku nzima, bila dada, bila kaka, nami nikalala nikitabasamu. Hapo nikajielewa kuliko kwa kamusi zote.

Kwa hiyo usitafute tu panapouma. Tafuta unapopumua. Lijaribu neno kimyakimya, liandike, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Likikubana, livue, hujamsaliti yeyote. Narudia: kinachokupata kwanza, neno baadaye.

Nanyi mnaocheka, acheni. Tangu 2022 orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika sasa, haiweki jambo hili, mtu kujiona tofauti na jinsia aliyopewa, kwenye sura ya magonjwa ya akili. Mtu akikuletea neno jipya, muulize lina maana gani kwake. Swali moja tu. Mimi sikuulizwa.

Yule msomaji nilimjibu aniandikie siku moja aliyopumua vizuri, bila kutumia hata neno moja kati ya yale manne. Jana kaleta kurasa tatu.