Kijapani cha kuongea: sauti tunazo, urefu wake ndio unaotuangusha

Mkuu, umeuliza kama miezi minne inatosha kupata Kijapani cha kuongea kabla hujasafiri, na kama uanze na kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina. Inatosha kwa mambo ya msingi, na kanji ziache kwanza. Nimekaa Nagoya, mji wa Japani, miaka mitatu, nilishuka kule sina hata neno la salamu, kwa hiyo nakwambia niliyoyapitia.

Una bahati ya kuwa Mswahili. Irabu zao ni zetu, a, e, i, o, u, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Sakana (samaki), tamago (yai), mizu (maji): yasome kama yalivyoandikwa na utaeleweka. Hata ile n inayosimama peke yake, kama kwenye hon (kitabu), tunayo kwenye nchi na nta. Sauti zilizowahangaisha wenzangu darasani mimi nilizimaliza siku ya kwanza.

Mimi shida ilinikuta kwingine. Ghorofa ya chini aliishi mama mmoja wa makamo, ndiye aliyenielekeza kutenganisha takataka, zipi za kuchomwa na zipi za plastiki. Kwa heshima nikawa namwita obasan, yaani shangazi. Wiki kadhaa baadaye mwalimu alinisikia nikilitaja neno hilo, akanisimamisha: nilikuwa nasema obaasan, yaani bibi. Sababu ni mkazo wetu. Mdomo wa Mswahili unasoma o-ba-san, unaikazia ile ba na kuivuta, basi inakuwa baa. Kwao kuvuta irabu kunaleta neno jingine kabisa, kama kwetu kufa na kufaa. Mwalimu akaniambia pia kwamba kwa mtu asiye ndugu yako ni vyema zaidi utaje jina lake la ukoo na kuweka -san, kiambishi cha heshima. Nilimfuata yule mama nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo sikuchukulia urefu wa sauti kama jambo dogo.

Dawa yake ni kupiga makofi, moja kwa kila kipande cha sauti. O-ba-sa-n, makofi manne. O-ba-a-sa-n, matano. Tokyo wao wanaitamka to-o-kyo-o, manne. Konsonanti ikijirudia nayo inachukua kofi lake: kite ni "njoo", kitte ni stempu, ki-t-te, na kofi la katikati ni kimya. Jirekodi kwenye simu, kisha ulinganishe na Mjapani anayesema neno lilelile. NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, anzia hapo.

Sarufi isikutishe. Kitenzi kinakaa mwisho: mizu o nomimasu, "maji nakunywa". Hakibebi nafsi, nomimasu ni yangu, yako na yao. Shika mikia minne tu: tabemasu (nakula), tabemasen (sili), tabemashita (nilikula), tabemasen deshita (sikula). Vitu vinahesabiwa kwa kufuata aina zake, jambo ambalo mtu aliyekua na ngeli halimshangazi: watu wawili ni futari, kalamu mbili nihon, karatasi mbili nimai. Kwa kuanzia, hitotsu, futatsu, mittsu (kimoja, viwili, vitatu), hadi kumi, vitakuvusha dukani.

Na dukani ndiko utakakoongea kila siku. Keshia atauliza, "Fukuro wa irimasu ka?" Unahitaji mfuko? Ukiutaka sema onegaishimasu, yaani "naomba". Usipoutaka sema daijoubu desu, ambayo kwa kawaida ni "hakuna shida" lakini hapo inasikika kama "hapana, asante". Akishika chakula chako na kusema "Atatamemasu ka?" anauliza akupashie moto.

Hiragana, herufi zao za sauti, ni 46, zipe wiki mbili au tatu, kidogo kidogo kila jioni. Zitakusaidia hata kwenye matamshi, maana irabu ndefu utaiona imeandikwa.

Halafu kuna neno moja ulibebe tangu siku ya kwanza: otsukaresama desu. Watu huambiana wakiagana baada ya kazi. Wenzangu wengine walilitafutia maana kwenye lugha zao wakakosa. Mimi nililielewa palepale, maana ni "pole na kazi" yetu, na lilikuwa neno la kwanza la Kijapani nililolisema bila kufikiri.