Matunda na Kupungua Uzito: Nilikosea Mara Mbili

Kila ikifika Novemba, dodo na bolibo zikianza kujaa kwenye mikokoteni hapa Dar es Salaam, napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu, majirani, hata wenzangu kazini: "Dada, nikiendelea kula maembe nitapungua kweli?" Nawajibu ndiyo, utapungua. Ila jibu hilo nimelipata baada ya kukosea mara mbili, na ningependa wewe usipite nilikopita mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 86. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na presha imeanza kupanda. Rafiki akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopunguza uzito. Sharti la kwanza lilikuwa kuacha wanga wote, na matunda yakahesabiwa humo humo kwa sababu "ni sukari tu". Nikatii. Wiki saba sikugusa chungwa, papai wala kipande cha tikiti. Kilo nne zilitoka, sikatai. Lakini choo kilikuwa kigumu hadi naogopa kwenda msalani, na kila jioni mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kitu kitamu. Wiki ya nane mama akanitumia kiroba cha maembe kutoka Muheza. Usiku ule nilikula sita nimesimama jikoni. Asubuhi nikajiambia nimeshaharibu, basi tena, nikarudi kwenye maandazi, soda na chipsi mayai. Haikufika miezi miwili, kilo zote nne zikawa zimerudi na nyingine juu yake.

Nimeufikiria sana usiku ule. Mtu anayekula embe moja kila siku ya msimu hana sababu ya kula sita kwa mkupuo.

Kosa la pili lilikuwa juisi, na hili ndilo naona wengi wetu tunalirudia kila siku kwa nia njema kabisa. Nilijiambia sasa nakula matunda: asubuhi glasi kubwa ya juisi ya machungwa, mchana juisi ya parachichi yenye maziwa. Miezi miwili mzani haukushuka, badala yake nikaongezeka kilo mbili. Siku moja nikiwa kwa muuza juisi sokoni, nikaanza kuhesabu anachokamua. Glasi yangu moja ilikula machungwa manne, kisha akaweka vijiko viwili vya sukari bila hata kuniuliza. Chungwa la wastani lina kalori 60 hivi, kwa hiyo manne ni 240, na kila kijiko cha chai cha sukari ni kama 16. Hiyo glasi niliimaliza kabla hajanirudishia chenji.

Sasa kaa chini, menya machungwa manne, uyatafune na nyama zake zote. Kwetu Tanga wapo wanaoweza, lakini wengi wakimaliza la pili wanatosheka. Zile nyuzinyuzi ndizo zinazokuchelewesha mdomoni, zikaenda kukujaza tumbo, na sukari ikaingia mwilini taratibu. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 tufaha kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi isiyo na nyuzinyuzi. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko kula tufaha zima, na hata walipolinganishiwa muda wa kula, juisi ndiyo iliyowashibisha kidogo kuliko zote. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu sukari, linaihesabu sukari ya juisi na ya asali kuwa ya kupunguza, hata kama hukuongeza kitu. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo tafuna tunda lako. Ukishikwa na kiu, maji yapo.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaambiwi: tunda linakusaidia kupungua pale linapochukua nafasi ya kitu kingine. Ukishakula sahani ya wali iliyojaa, ukaongeza ndizi tatu juu yake eti ni matunda, umeongeza chakula tu. Mimi saa yangu mbaya ilikuwa saa kumi jioni kazini. Mama wa maandazi anapita, nachukua matatu na chai ya maziwa. Nilipoanza kubeba papai lililokatwa au mapera kutoka nyumbani, nikala hayo badala ya maandazi, ndipo mzani ulipoanza kusogea. Papai gramu 100 ni kalori 43 hivi, tikiti ni kama 30 kwa sababu karibu lote ni maji. Pera lina nyuzinyuzi nyingi sana, na nasikitika tunaliona kama tunda la watoto. Pamoja na kupunguza wali usiku na kutembea nusu saa jioni, ilinichukua miezi 11 kufika kilo 74. Polepole, lakini kilo hizo hazijarudi.

Parachichi nalitaja peke yake kwa sababu lilinichanganya. Ni tunda zuri, lakini lina mafuta mengi. Lenye nyama ya gramu 200 linafika kalori 320, sawa na kikombe kimoja na nusu cha wali uliopikwa, na yale yanayoshuka kutoka Njombe na Rungwe mengine ni makubwa zaidi ya hapo. Mimi nakula nusu, na siku hiyo mboga yangu haikaangwi. Tende nazo ni tunda lililopoteza maji: moja kubwa laini ina kalori 60 na kitu. Mwezi wa Ramadhani nafuturu kwa tatu, halafu sahani naisogeza mbali.

Na tafadhali, usinunue yale maneno kwamba nanasi linayeyusha mafuta ya tumbo. Nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana ulimi unawasha ukilila sana. Papai bichi linafanya vivyo hivyo, wauza mishkaki wanalijua vizuri wanapolainisha nyama. Mafuta ya mwilini hayaguswi na hicho kimeng'enya. Maji ya moto na limao nayo ni kinywaji kizuri cha asubuhi, basi.

Kama una kisukari, kama alivyo mama yangu, matunda hukatazwi, ila kipimo chako ni kidogo na usile mengi kwa wakati mmoja. Uliza kliniki yako wakuoneshe kiasi kwa macho, kwenye sahani. Mwenye tatizo la figo asifuate ninayosema hapa hata kidogo mpaka azungumze na daktari wake, maana ndizi na machungwa yana potasiamu ambayo figo dhaifu zinashindwa kuitoa.

Kiroba cha mama bado kinakuja kila msimu. Kikifika, nusu naigawa kwa majirani siku hiyo hiyo. Yaliyobaki nayapanga: yaliyoiva yanakwenda kwenye friji, mabichi nayafunga kwenye gazeti yaive kwa zamu, yasije yakaiva yote Jumamosi moja yakanilazimisha kuyawahi. Kila siku nakata moja, saa kumi jioni, naweka kwenye sahani na kukaa. Embe kubwa lenye nyama ya gramu 300 ni kalori 180 hivi. Nakula lote, na kokwa nainyonya mpaka iwe nyeupe.