Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaweka Sahihi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma usiku mara mbili, na asubuhi nikampa mama yako ausome, naye akanirudishia simu bila kusema neno, jambo ambalo unajua maana yake. Umeniuliza kuhusu mwanafunzi wako aliye katika mwaka wa vitendo, ambaye darasani anaongoza katika Kiyunani na katika mafundisho ya imani, lakini mchungaji mlezi wake ameleta taarifa kwamba hana utii na hafai kwa kazi ya uchungaji. Kwa kuwa wewe ndiye mratibu mpya wa mafunzo kwa vitendo hapo chuoni, taarifa hiyo haiwezi kwenda dayosisi bila sahihi yako, na ikienda, huenda kijana asibarikiwe kuwa mchungaji kamwe. Unataka kujua uiweke sahihi au usiiweke.

Nitafika huko. Kwanza nimeshangaa kwamba katika ujumbe mrefu kiasi hicho hukuniambia lolote kuhusu huyo mchungaji mlezi. Amewahi kulea wanafunzi wangapi? Huketi na kijana saa ngapi kwa juma? Shamba lake la mahindi hulimwa na nani? Wewe na kaka yako mlikuwa mkinicheka mezani kwa msemo wangu huu, na kaka yako aliwahi kuniigiza mbele ya wageni huku ameshika kijiko kama fimbo ya askofu, lakini nausema tena: kabla ya kumpima mwanafunzi, mpime anayemlea.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Kijana anapewa chumba nyuma ya ofisi ya usharika na posho inayochelewa. Jumamosi anafundisha kipaimara, Jumapili anahubiri mtaa mmoja asubuhi na mwingine mchana, siku za kazi anazunguka kwenye jumuiya, anazika, na anakaa katika baraza la wazee akiwa mdogo kuliko wote. Katika wingi huo wote, mlezi anatakiwa kukaa naye saa moja tu kwa juma, wasome pamoja daftari lake na kuulizana kwa nini alisema hivi na hakusema vile. Saa hiyo ndiyo shule yenyewe. Ikikosekana, kilichobaki ni kibarua anayeimba vizuri.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu. Wachungaji wengi wa kizazi kilichotutangulia waliingia darasa la uchungaji wakiwa watu wazima waliokwisha kuwa walimu au wainjilisti. Askofu Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963, alikuwa mwalimu kwa miaka mingi kabla hajabarikiwa. Walikuwa wamekwisha kuwazoea watu. Siku hizi kijana anatoka kidato cha sita na kuingia kwenye shahada, na mwaka mmoja wa vitendo unabebeshwa yale ambayo wazee wale waliyapata kwa miaka kumi.

Unamkumbuka yule kijana aliyekufundisha kuendesha baiskeli yangu ya Phoenix, ile ambayo miguu yako ilikuwa haifiki chini. Alikuwa akija kwetu Jumapili baada ya ibada, akila ndizi za mama yako na kuniita Baba, kama mlivyoniita ninyi. Nilimpeleka usharika mmoja wa ng'ambo ya mto. Utaratibu wetu ulinitaka nimtembelee mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda, mlezi wake akamsifu, tukanywa chai, nikarudi nimeridhika. Mara ya pili iliangukia katikati ya masika, juma lilelile walilokuja wageni kutoka kanisa rafiki la ng'ambo, waliotaka kuona Ngorongoro kabla ya kurudi kwao. Chuo kilikuwa na Land Rover moja iliyokuwa ikitembea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia kwamba barabara ya ng'ambo ya mto haipitiki, na huenda ilikuwa kweli, kwa sababu sikwenda kuiona. Ile picha iliyoko sebuleni, ambayo mama yako aliitia fremu, nikiwa nimesimama ukingoni mwa kreta nikitabasamu, ni ya juma lile.

Nikiwa huko, taarifa ya mlezi ikafika: kijana ni mkaidi, muda mwingi haonekani ofisini, hawaheshimu wazee. Niliiwekea sahihi nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima. Dayosisi ikaahirisha kumbariki kwa mwaka mmoja, na mwaka ule haukuisha.

Daftari lake lilinifikia miezi kadhaa baadaye, ndani ya boksi la vitu vyake vilivyorudishwa chuoni. Tuliwafundisha waandike mazungumzo neno kwa neno katika safu moja, na safu ya pembeni waiache kwa ajili ya mlezi. Nilisoma huku nimeketi sakafuni ofisini. Katika usharika ule alifariki kijana ambaye kwa muda mrefu alikuwa hatoi sadaka ya ahadi wala haonekani kanisani, na baraza la wazee likaamua kwamba kengele isipigwe na kanisa lisimzike. Mwanafunzi wangu hakuuvunja uamuzi huo. Hakuvaa kanzu wala hakuongoza sala ya maziko. Alichimba kaburi pamoja na majirani, na kwa majuma yaliyofuata akawa anakwenda kuketi na mama wa marehemu. Huko ndiko alikokuwa alipokuwa haonekani ofisini. Maneno ya siku ya kwanza nayakumbuka jinsi yalivyoandikwa:

Mama: Umetumwa na kanisa?
Mimi: Hapana, mama. Nimekuja.
Mama: Basi keti.

Safu ya mlezi ilikuwa tupu. Niligeuza ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho wa daftari, na hapakuwa na hata alama ya wino iliyoonyesha kwamba mtu mwingine aliwahi kulifungua.

Sasa usinisome vibaya, kwa maana hata mimi hujibishana na nafsi yangu kila ninapolifikiria. Kijana yule alikuwa mkaidi kweli. Mama yako ni shahidi. Inawezekana aliwajibu wazee kwa namna isiyofaa, na mchungaji asiyeweza kukaa na baraza lake atawaumiza watu wengi kuliko mjane mmoja atakayemfariji. Tena yule mlezi alikuwa na mitaa sita na miguu yake tu, na katika ujana wake hakuna aliyewahi kuketi naye saa hiyo moja. Nikisema mpime anayemlea, basi nampima yeye, kisha aliyemlea yeye, na nikiendelea hivyo nitafika kwa nani? Nafika kwangu mwenyewe, mratibu niliyemteua mlezi yule kwa sababu nyumba yake ya usharika ilikuwa na chumba cha ziada.

Ndipo nilipoomba nipelekwe hospitali ya KCMC, Moshi, kujifunza huduma ya kichungaji hospitalini. Wewe ulidhani ni safari ya kazi ya kawaida. Huko ndiko niliposikia habari za Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920, akapona, na mwaka 1925 akaanza kuwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya namna hiyo huko Worcester, Massachusetts, ili wawasome wagonjwa kwa makini kama walivyosoma vitabu. Aliwaita watu wale hati zilizo hai. Kilichonigusa ni kwamba aliyeanzisha mafunzo hayo alikuwa amekwisha kulala katika kitanda cha mgonjwa. Juma la kwanza wodini nilimwombea mzee mmoja aliyeungua moto, sala ndefu na nzuri, na msimamizi wangu akaniuliza swali moja: yule mzee alikuambia nini? Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili.

Niliporudi nilibadilisha mambo mawili. Walezi waliitwa chuoni siku tatu kabla ya kupewa mwanafunzi, na taarifa yoyote ambayo mwanafunzi hajaisoma na kuijibu kwa maandishi ilirudishwa ilikotoka. Walilalamika sana. Mkuu mmoja wa jimbo aliniambia kwamba ninawafundisha watoto kuwashtaki baba zao.

Kijana yule alikuja kwenye msiba wa bibi yako. Ulikuwa jikoni na wanawake, labda hukumwona. Ni mwalimu wa sekondari sasa, ana mvi kidogo. Alisimama mbele yangu akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, “Shikamoo, Mchungaji.” Siyo Baba. Daftari lake lilikuwa kabatini, hatua ishirini kutoka tulipokuwa tumesimama, na sikumwambia. Bado liko pale.

Kuhusu sahihi, basi. Ningekuwa mimi, hiyo karatasi ninge… hapana. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili, na nikiiandika mara ya tatu utaifuata kwa sababu ni ya baba yako, kisha utakuwa umeweka sahihi kwa kalamu ya kuazima, kama nilivyofanya mimi. Kijana wako si kijana wangu, na huenda mlezi wake ameona jambo ambalo alama za darasani haziwezi kulionyesha. Ila omba daftari. Uangalie safu ya pembeni kwanza, kabla hujasoma alichoandika mwanafunzi.

Na uende mwenyewe. Najua mvua zimeanza na gari la chuo huenda lina safari nyingine. Kodi pikipiki, umlipe dereva kwa fedha yako kama itabidi, nami nitakurudishia. Buti zangu za mpira ziko stoo, nyuma ya gunia la mbolea. Zitakutosha ukivaa soksi mbili.

Ni mimi,
Baba yako