Daktari wa Mifugo Anajibu: Chatu amekufa ghafla, mwenzake hataki kula

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mtunzaji wa nyoka katika kikundi cha ngoma hapa Kisesa, Mwanza. Tuna kibali cha kufuga chatu, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwazalisha wenyewe. Mwezi Juni, siku moja kabla ya ngoma za Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, tulimpa chatu wetu jike mkubwa, mwenye urefu wa karibu mita tatu na nusu, sungura mzima, kwa kuwa hatukutaka acheze akiwa na njaa. Kesho yake alibebwa ndani ya gunia kwenye buti la gari, akachezeshwa mchana kutwa, na jioni akarudishwa kwenye banda letu la bati. Baada ya usiku mbili tulimkuta amekufa, tumbo limevimba na mdomoni ana ute wenye damu. Tulimzika siku hiyohiyo. Wenzangu wanasema ni kazi ya kundi pinzani. Jike wa pili, aliyepandwa mwezi Mei, hajala kwa wiki saba sasa, na mara nyingi hulala ubavu au chali. Je, ni ugonjwa uleule? Tumlishe kwa nguvu? – Mtunzaji, Kisesa.

JIBU: Marahaba, na poleni. Najua kwamba ushindani wa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili pinzani ya ngoma za Wasukuma, una historia ndefu ya kupimana nguvu za dawa za kienyeji, lakini katika barua yako umeeleza mambo matatu, na kila moja lingeweza kumuua chatu pasipo mkono wa mtu yeyote.

La kwanza ni kumshika akiwa ameshiba. Chatu aliyemeza sungura hana haja ya kitu kingine isipokuwa joto na utulivu, naye asiguswe mpaka uvimbe wa chakula uliopo katikati ya mwili upungue, jambo ambalo kwa mlo mkubwa huchukua wiki moja au zaidi. Akibebwa, akizungushwa shingoni na kusukwasukwa katikati ya kelele za watu, mwili wake hujaribu kukitoa chakula ili uwe mwepesi wa kukimbia. Chakula kikirudi, majimaji ya tumboni yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kufika kwenye pafu. Hofu yenu kwamba angecheza na njaa haikuwa na msingi, kwa maana chatu mzima mwenye afya hukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike. Katika msimu wa ngoma, afadhali asilishwe kabisa mpaka maonyesho yaishe.

La pili ni buti la gari. Nyoka hatoi jasho, na gunia lililofungwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hupata joto la kuua kwa muda mfupi sana. Joto la mwili likikaribia nyuzi 40 za Selsiasi, ubongo na viungo vya ndani huanza kuharibika, na nyoka anaweza kuonekana mzima jioni ile kisha akafa siku moja au mbili baadaye. Vifo vingi tunavyoviita vya ghafla huwa vimeanza kabla ya siku ya kufa, ila nyoka halii wala hachechemei, na hivyo mtunzaji huona mwisho tu.

La tatu ni banda lenyewe. Bati huunguza mchana na hupoa upesi usiku, na usiku wa Juni na Julai kando ya ziwa joto hushuka chini ya nyuzi 20. Nyoka humeng'enya chakula kwa joto analopata nje ya mwili wake. Likikosekana, tumbo hulala lakini bakteria waliomo katika nyama ya sungura hawalali. Nyama huoza ndani yake na sumu huingia kwenye damu. Upande mmoja wa banda uwe na nyuzi 30 hadi 32 usiku na mchana, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Wekeni vipimajoto viwili, kimoja kila upande, kwa usawa wa mahali anapolala, maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani hupima joto la mtunzaji aliyesimama.

Siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo lililomuua, kwa sababu ushahidi mmeuzika. Uvimbe wa tumbo pekee hauthibitishi lolote, kwani mzoga wenye chakula tumboni huvimba haraka. Ute wenye damu una uzito zaidi, lakini hata huo unaweza kutokana na pafu lililokuwa na ugonjwa wa muda mrefu. Ikitokea tena, mzoga ufungwe kwenye mfuko wa nailoni na ulazwe juu ya barafu katika kasha kama yale ya wachuuzi wa sangara, kisha ufikishwe ndani ya siku moja kwa daktari wa mifugo au kituo cha Mwanza cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Usigandishwe kwenye friza, kwa kuwa kuganda huharibu nyama inayotakiwa kutazamwa kwa hadubini. Ofisi iliyotoa kibali chenu nayo ijulishwe.

Sasa huyu wa pili. Jike aliyepandwa, anayekataa chakula na kulala chali, kwa kawaida ana mimba. Hugeuza tumbo ili mayai yapate joto. Akishataga atajizungushia mayai, na wengi hawali mpaka yaanguliwe, yaani miezi mingine miwili hadi mitatu. Kumlisha kwa nguvu katika hali hiyo ni kumtesa, na kunaweza kupasua mayai ndani yake. Mpeni maji safi, sanduku lenye giza na joto nililotaja, kisha mwacheni. Mwiteni daktari bila kuchelewa iwapo atakaza mwili kwa siku nzima bila kutaga, au atataga machache na kuacha mengine yakionekana wazi tumboni.

Hata hivyo, kwa kuwa mwenzake amekufa, msimwone salama moja kwa moja. Mkagueni chini ya magamba na pembeni mwa macho kama ana utitiri, vidudu vyeusi vidogo ambavyo pia huzama katika bakuli la maji. Utitiri hueneza maradhi, na miongoni mwake yapo ya virusi yanayoshambulia ubongo na yasiyo na tiba. Nyoka anayepumua kwa mdomo wazi, anayetoa povu, au anayeshindwa kujigeuza akiwekwa chali, atengwe leo hii, na bakuli lake lisiende kwa mwingine. Msipulizie utitiri dawa ya mbu: dawa hiyo imewaua nyoka wengi.

SWALI: Watoto wa chatu walioanguliwa siku tano zilizopita wamekataa panya wote niliowapa. Nifanye nini? – Msomaji, Magu.

JIBU: Subiri. Bado wana akiba ya kiini cha yai tumboni, na wengi hawaanzi kula mpaka wajivue gamba la kwanza, kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya kuanguliwa. Wakishajivua, mweke kila mmoja peke yake katika chombo kidogo chenye maficho, umpe jioni panya asiye mnene kuliko sehemu nene ya mwili wake. Panya awe amekwisha kuuawa, tena apashwe joto, kwa sababu panya hai akiachwa humo usiku humtafuna nyoka. Epuka wale wa kutegwa ghalani, ambao huenda wamekula sumu.